Papa wa Labo na Ukurasa wa Buleusa

Sijui alizaliwa wapi, na sikuwahi kumuuliza. Huko Kashebere, kati ya Masisi na Walikale, miaka ile ya vita, swali la namna hiyo liliweza kumwua mtu, kwa hiyo tulijuana kwa kazi: huyu mwenye duka, yule mshonaji, yule wa kinu. Yeye alikuwa Papa wa labo, yaani wa maabara. Hata wale waliojua jina lake walilisahau wenyewe.

Nianze na lililo kubwa, nisije nikalizungukazunguka. Mtu huyu alinirudishia mama yangu akiwa tayari mguu mmoja uko ng'ambo ya wafu. Na nilipomwuliza nimpe nini, aliniomba kitu kimoja tu: nimtafutie jibu la swali lililokuwa likimsumbua juu ya bakteria. Jibu hilo lilinichukua miaka. Muda wote huo kila nikisikia risasi upande wa Masisi au wa Walikale, nilikuwa na hofu ileile, kwamba atakufa sijampelekea.

Labo yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya maternite, wodi ya wazazi ya kituo cha afya, mabati juu, udongo chini, meza moja na dirisha linalotazama mashariki. Dirisha hilo ndilo lililokuwa na maana. Mikroskopi yake ilikuwa ya zamani, haikutumia taa bali kioo kidogo chini yake cha kunasia jua. Jua likikosekana, hakuna labo. Sasa mtu anaijua mvua ya kwetu, kule msitu unapoanza: wiki nzima mbingu haijafunguka. Watu walikaa kwenye ubao nje wakiwa na vichupa vyao vya mkojo na vinyesi vyao vimefungwa kwenye majani ya mgomba, wakingoja. Ukimwuliza Papa unaumwa nini, anakujibu, "Jua litasema." Basi. Wengine walidhani ni dini yake mpya.

Mimi nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na tisa. Shule yangu ya wauguzi huko Masisi ilikuwa imefungwa, madawati yamechomwa kuni. Tulikimbia na mama yangu mpaka Kashebere kwa sababu mbele yetu, upande wa Walikale, watu walikuwa wanakimbia kuja tulikotoka. Tulikutana barabarani na mizigo vichwani, sisi tukienda kule, wao wakija huku. Wote tukasimama hapohapo katikati, tukajenga vibanda. Nilikwenda kituoni kuomba kazi yoyote. Papa wa labo alinitazama juu ya miwani yake, ambayo mguu mmoja ulikuwa wa waya, akaniuliza kama ninajua kuosha vioo vya kupimia. Nikasema ndiyo. Nikaosha. Akakichukua kimoja, akakielekeza dirishani.

"Osha tena."

Niliosha mara tano, na mara ya tano nilikuwa nalia kwa hasira. Huyu mzee ana wazimu, nilijiambia. Kumbe hajaanza.

Neno lake kubwa lilikuwa "Angalia tena". Ukimwambia umeona malaria, angalia tena. Ukimwambia hukuona kitu, angalia tena. Ukiangalia tena na ukaona kilekile, hapo ndipo anaweka jicho lake mwenyewe, anakaa kimya mpaka mguu unakufa ganzi kwa kusimama, kisha anasema, "Bien," yaani sawa. Kwa wadudu alikuwa na subira ya ajabu. Kwa watu, hapana. Titulaire, yaani muuguzi mkuu wetu, akichelewa dakika kumi, Papa anamnunia mpaka jioni. Alinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka, halafu akatoka kwenda kununua hindi la kuchoma pembeni mwa barabara, akalila na vumbi lake lote. Nikimcheka anasema, "Ile vumbi tunajuana."

Na alikuwa mwongo! Nisimfanye mtakatifu. Kwa mdomo alidanganya kama anavyopumua. Kwa kalamu, kamwe. Siku moja kamanda wa kundi lililoishika barabara wakati huo alikuja kupimwa. Aliporudi kuchukua majibu alitaka karatasi ya kumwonyesha mke wake, yenye kusema hana kitu.

"Kwa mudomo, kamanda, naweza kukuambia hauna kitu, ata saa hii," Papa akamjibu. "Kwa kalamu, apana. Iko kisonono. Na dawa yake njo hii."

Kamanda alimzaba kofi, miwani ikaruka mpaka chini ya meza. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeubana mdomo wangu kwa mikono yote miwili. Kesho yake asubuhi, kamanda huyohuyo alipita kwa mlango wa nyuma, peke yake, bila bunduki, akaja kuchomwa sindano. Papa alimkaribisha kama mgeni wa siku ya kwanza. Daftari lilibaki na ukweli wake.

Wanawake wa Kashebere walikuwa na hadithi nyingine waliyoipenda zaidi. Siku tulipokimbia kwenda porini, Papa wa labo aliacha godoro lake, sufuria zake na mbuzi wake. Alichobeba ni mikroskopi, na aliibeba mgongoni, imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga. Mwanamume mzima! Wanawake walicheka huku wanakimbia, mpaka mmoja akakaa chini. Kwenye barriere, kizuizi cha barabarani, vijana wenye silaha wakamwuliza amebeba nini.

"Mutoto wangu," akasema. "Anaonaka minyoo mu tumbo ya mutu."

Wakafungua kitenge. Mkubwa wao hakuamini. Basi akaenda nyuma ya kichaka, akarudi na kitu kwenye jani. Papa akaweka mikroskopi juu ya kisiki, akageuza kioo kwenye jua, akamwonyesha yule kijana mayai ya minyoo yake mwenyewe. Kijana alitazama, akatema mate, akatazama tena. Tukapita wote, watu kama hamsini, na tangu siku hiyo kila barriere tuliyofika tulikuta majani yamekwisha kuandaliwa.

Nimefika kwenye kitabu. Alikuwa na kitabu kimoja cha biolojia, cha Kifaransa, kinene, kilichoachwa na padri. Vifuko vya kufungia vidonge vilipokwisha na barabara kufungwa, titulaire alitaka karatasi, na karatasi kituoni ilikuwa ni daftari la majibu na kitabu hicho. Daftari halikuguswa. Papa akaanza kuchana kitabu, ukurasa kwa ukurasa, kuanzia mwanzo. Mimea ilikwenda na dawa za minyoo. Vyura walikwenda na kinini ya malaria. Kabla ya kuchana kila ukurasa alikuwa anausoma kwanza, amesimama, midomo ikicheza. Sura ya bakteria aliitunza mwisho, kama mtu anavyosogeza nyama pembeni mwa sahani.

Alipofika hapo alikuta jambo lililomfanya akae chini. Ukurasa ulieleza kwamba bakteria ikitaka kuwa mbili, ndani yake kuna protini ndogondogo zinazoshikana moja nyuma ya nyingine mpaka zinakuwa nyuzi, na nyuzi hizo zinajipanga kuwa mkanda, katikati kabisa, mahali itakapokatwa. Alinisomea akinitafsiria. Mikroskopi yetu haikuweza kuuona mkanda huo, tuliona tu kiuno cha mdudu anayeanza kukatika. Ukurasa uliishia kwenye swali: protini hizo zinajuaje katikati ni wapi? Jibu lilikuwa ukurasa uliofuata.

Ukurasa uliofuata haukuwepo. Mimi ndiye niliyeuchana asubuhi ile, palipokuwa na foleni ndefu, kwa kukifungua tu kitabu popote. Nilikuwa nimeutumia kufungia kinini ya bibi mmoja wa Buleusa.

Hakunigombeza. Alivaa buti zake, akachukua fimbo, akaenda Buleusa kwa miguu, njia ambayo hata wanajeshi waliiogopa. Nilibaki nikiomba kila sala ninayoijua. Alirudi siku ya tatu, amechafuka mpaka nywele.

"Umeupata, Papa?"

"Alivutia tumbaku," akasema. "Kidonge alimeza, karatasi akavuta. Alikuwa na raha sana." Kisha akacheka, yule mtu asiyecheka, akacheka mpaka akavua miwani. Lakini tangu siku ile, kila alipopata mgeni aliyesoma, daktari au padri au mwalimu, alimwuliza: nani anayeziita zile nyuzi katikati? Hakuna aliyejua.

Sasa mama yangu.

Alianza na homa na maumivu ubavuni, kwenye figo. Titulaire akampa ampisilini, vile vidonge vyekundu na vyeusi, vya siku saba kamili. Vilikuwa vya mwisho kituoni. Siku ya tatu homa ikashuka, tukashukuru. Siku ya sita ikapanda, na sasa alianza kuongea na watu waliokwisha kufa. Goma hakwendeki, barabara ilikuwa ya wenye bunduki. Mimi mwenyewe nilichukua mkojo wake, nikaupaka kwenye kioo, nikautia rangi, nikangoja jua. Lilipotoka niliona nyuzi. Ndefu, zimelala kotekote kama uzi wa kushonea uliomwagika. Nikajua ni nini, au nilidhani. Nikachukua kalamu nikaandika daftarini: champignon. Ukungu. Na dawa ya ukungu hatukuwa nayo, wala titulaire hakujua wa kumwomba. Alipouona uso wangu akanishika bega. Nikaelewa kwamba mama yangu anakufa.

Papa alikuja akasoma daftari.

"Angalia tena."

"Papa, nimeangalia!" Nilimpigia kelele, mimi, mbele ya wagonjwa. "Ni mama yangu! Unafikiri sijaangalia?"

"Juu iko mama yako, njo maana. Angalia tena."

Nikaangalia, machozi yanaingia kwenye lensi. Akanisogeza taratibu, akapangusa lensi kwa shati lake, akaweka jicho. Wingu likapita, akangoja. Jua likarudi.

"Champignon inakuwaka na matawi," akasema, jicho bado liko pale. "Hii haina tawi ata moja. Hii iko mududu wa kila siku, ule tunamujua. Ila ameshindwa kujikata. Anakula, anarefuka, anarefuka, kukatika hapana." Akainua kichwa. "Dawa iko inamupiga, lakini inamupiga kidogo. Nani anakula dawa nusu?"

Nikasema hakuna, nilimpa mama mimi mwenyewe, mkononi.

"Mukononi," akasema. "Na mudomoni?"

Tukaenda kibandani. Na ukweli ukatoka, si kwa mama, maana alikuwa amelegea, bali kwa jirani yetu, mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Walikale na ambaye tulichangia naye chungu kimoja tangu siku ya kwanza. Naye ubavu ulikuwa unamuuma. Kwa hiyo kila asubuhi nikishaondoka, mama yangu alifungua kidonge, akamimina nusu ya unga kwenye kikombe chake na nusu kwenye kikombe cha mwenzake. Sawasawa, kwa ncha ya kisu. Hivyo ndivyo tulivyoishi vibandani. Kiazi kimoja kilikatwa, sabuni moja ilikatwa, na kula peke yako huku mwenzako anakutazama kulikuwa aibu kuliko kuiba. Hakuna mahali pengine duniani ambapo watu wangefanya kosa hilo kwa upendo mkubwa hivyo. Sikujua nimkasirikie nani.

Mama alifumbua macho akasema kwa shida, "Nitameza aje peke yangu, naye ananiangalia?"

Ningekuwa mimi ningempigia kelele. Papa wa labo aliketi chini, akachukua ngata ya mama iliyokuwa kando ya moto, ile pete ya majani makavu ya mgomba tunayoweka kichwani chini ya mzigo. Akachomoa kipande kimoja.

"Mama, hii ngata, jani yake iko moja?"

"Apana, Papa. Iko vipande vingi. Vifupi."

"Vinashikana, njo inakuwa muviringo. Mududu naye iko na ngata yake ndani ya tumbo. Vipande vidogo vinashikana, vinakuwa nyuzi, nyuzi zinakuwa muviringo, na pale njo anajengaka ukuta, anakuwa wawili. Ukimeza dawa nusu, ngata inafungwa, lakini ukuta haujengwe. Mududu anabaki murefu. Hajafa, mama. Anangojea dawa iishe. Dawa ikiisha, anajikata vipande vingi, siku moja. Wewe na mwenzako munalisha mududu mumoja, kila mutu na kikombe yake."

Jirani yetu ndiye aliyeanza kulia. Mama akamtazama, akamtazama Papa, akasema jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nashindwa kuamua nicheke au nipige magoti: "Basi nipe kamili. Lakini kama yeye hana yake kamili, sitameza."

Papa alisimama. Alikwenda kwa mwenye duka, mfanyabiashara mmoja Mkatoliki wa upande wa Butembo ambaye malori yake hayakuwa yametembea kwa miezi. Hatukusikia walizungumza nini, ila tulijua wote wawili ni wagumu. Alirudi na makopo mawili ya dawa ileile, yaliyokuwa ya akiba ya familia ya yule bwana. Moja kwa kila mama. Akakaa mlangoni mwa kibanda asubuhi na jioni, siku saba, akiwatazama wakimeza, kila mmoja chake, na akiwataka wafungue midomo kama watoto. Siku ya nne mama yangu aliomba ugali. Mtu ambaye hajawahi kusikia mama yake akiomba ugali baada ya kuzungumza na wafu hajui neno hilo lina utamu gani.

Daftarini hakufuta kosa langu. Alilikata kwa mstari mmoja, likasomeka bado, akaandika pembeni kilichokuwa kweli. Ndipo nilipomwuliza nimpe nini.

"Ile ukurasa," akasema. "Siku moja utasoma mbali. Uniletee ile ukurasa."

Vita vilitutawanya tena. Mimi nilimaliza shule Bukavu, nikawa ninafundisha labo Goma. Yeye nilimpoteza, nikampata, nikampoteza. Jibu nililipata mwaka mmoja mgeni, mtaalamu wa bakteria, alipokuja kutufundisha, akatuonyesha filamu: bakteria hai, na ndani yake mkanda unaong'aa kijani, unazunguka. Wenzangu waliandika noti. Mimi nilikuwa nalia, wakadhani nina msiba.

Mwishowe nikasikia yuko Bweremana, kando ya ziwa, kwa binti yake. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa kwa mapigano, nikachukua boti ziwani. Mama alinipa kifurushi nimpelekee.

Nilimkuta uani, sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikikauka pembeni yake. Macho yalikuwa yamekufa, meupe. Miwani bado alivaa, na ule mguu wa waya.

"Papa, nimeleta ukurasa."

Hakuuliza ni nani. Alinyoosha mikono. "Soma."

Nikafungua kifurushi. Mama alikuwa amesuka ngata mpya. Nikaiweka mikononi mwake, nikaongoza vidole vyake. Nikamwambia kwamba vipande hivyo vidogo vinashikana kichwa kwa mkia, kila kimoja kikiwa kimebeba chakula chake kidogo cha nguvu. Uzi ni mfupi, na hautulii: mbele kinaingia kipande, nyuma kinatoka kipande. Hakuna kipande kinachotembea, lakini uzi wenyewe unasonga.

"Kama foleni ya robine ya maji," akasema. "Batu banabadilika, foleni iko."

"Ndiyo, Papa. Na nyuzi zinazunguka hivyo, zikiwavuta wajenzi wa ukuta nyuma yao, mpaka ukuta unakutana katikati."

Vidole vyake vikawa vinazungusha ngata, vikichomoa jani huku na kuliingiza kule. "Umeona wewe mwenyewe?"

"Kwa filamu."

"Filamu iko filamu. Angalia tena." Lakini alikuwa anatabasamu. "Na katikati? Nani anaziita?"

"Hakuna anayeziita, Papa. Angalau kwa ule mdudu wetu wa mkojo. Kuna protini nyingine zinazokwenda na kurudi, kutoka ncha hii mpaka ncha ile, zikifukuza. Nyuzi zikitaka kujipanga huku, zinafukuzwa. Kule, zinafukuzwa. Mahali ambapo zinafukuzwa kidogo kuliko kwingine ni katikati. Basi zinakaa hapo."

Alisimamisha vidole kwenye ngata. Binti yake, aliyekuwa akigeuza sambaza, naye akasimama kusikiliza.

"Kumbe haziitwe," akasema polepole. "Zinafukuzwa huku, zinafukuzwa kule." Kisha akapiga goti lake kwa kiganja. "Kashebere!"

"Kashebere, Papa."

"Na njo pale zinafanya kazi."

Tulicheka, na mimi nilikuwa nimeshika mkono wake, na sikuona aibu kulia. Akamwambia binti yake alete kitabu. Kilikuwa bado kipo, jalada na kurasa kama kumi. Akanipa kalamu, nikaandika nyuma ya ukurasa ule wa mwisho, kwa herufi kubwa, yote niliyomwambia, nikamsomea. Alinisahihisha mara mbili: nilipoandika "niliona" akataka niandike "niliona kwa filamu".

"Imekwisha, Papa?"

"Bado." Aliiweka ngata kichwani mwake, mwanamume mzima, binti yake akaangua kicheko. "Hii nani amesuka?"

"Mama yangu. Wiki iliyopita. Anakusalimu sana."

Akaipapasa pale kichwani, pande zote, kwa muda mrefu.

"Andika chini," akasema. "Mama yako iko muzima. Ile haiko ya filamu. Ile tuliona sisi wenyewe."

Nikaandika.